Picha Husema Kabla Yako: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Video Inayoeleweka Jinsi Ulivyokusudia

Mtu akifungua video kwenye simu, huwa ameshakuhukumu kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu sura za wageni kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, wakawauliza: huyu anaaminika? Ni hodari? Ni mkali? Majibu yao yalishabihiana na ya watu walioachiwa waziangalie sura hizohizo bila kubanwa na muda. Walipoongezewa muda, hukumu hazikubadilika sana. Kilichopanda ni uhakika wa mtu juu ya kile alichokwisha kuamua.

Hata masikio hukubali kuongozwa na macho. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba ukiweka sauti ya "ba" juu ya picha ya mdomo unaotamka "ga", watu wengi watakuapia wamesikia "da".

Wengi wetu tunaotengeneza video za mitandaoni tunahangaika na maneno. Tunaandika maelezo, tunayasahihisha, tunayarudia mara tatu mbele ya kamera, halafu picha tunaiacha ijipange yenyewe. Lakini mahali ulipoweka kamera, upande unakotokea mwanga, ulipokata na ulipopunguza kasi, vyote hivyo ni kauli. Mtazamaji anazipokea hata kama hukukusudia kuzitoa, na zikigongana na maneno yako, mara nyingi maneno ndiyo yanayoshindwa.

Mwongozo huu ni wa video fupi za kueleza jambo: jinsi ya kufanya kitu, taarifa ya tukio, ufafanuzi wa hoja. Nitatumia mfano mmoja kila inapofaa, video ya kuziba pancha ya baiskeli. Ni kazi ndogo, inaonekana rahisi, na ina hatua moja ambayo picha huipotosha kwa urahisi sana.

Hatua ya 1: Andika sentensi ya mtazamaji

Kabla ya kuwasha kamera, andika sentensi moja ambayo ungependa mtazamaji amwambie mwenzake baada ya kuona video yako. Iwe sentensi yake yeye. "Video inahusu kuziba pancha" ni mada, haikusaidii kitu. "Solusheni ikauke kwanza ndipo ubandike kiraka" inakusaidia, maana sasa unajua ni picha gani haiwezi kukosekana.

Ichambue sentensi hiyo: kipi kinaonekana, na kipi kinaweza kusemwa tu? Kiraka kinaonekana. Solusheni, yaani gundi ya raba, inaonekana. Tatizo liko kwenye "ikauke". Kukauka ni muda, na kwenye video ya sekunde arobaini muda ndicho kitu cha kwanza kutupwa. Basi isogelee tyubu uitazame vizuri. Solusheni mbichi hung'aa. Ukiigeuza tyubu kidogo unaona mwanga ukiteleza juu yake. Ikiwa tayari kupokea kiraka, baada ya dakika tano hivi, ule mng'ao umekufa, na ukiigusa pembeni haiachi unyevu kidoleni. Hapo umepata shoti yako kuu (shoti ni kipande kimoja cha picha kisichokatwa): kipande kilekile cha tyubu, kwa pembe ileile, mara mbili, kikiwa kinang'aa na kikiwa kimefifia. Vingine vyote vijengwe kuizunguka hiyo.

Ukitafuta shoti ya namna hiyo ukaikosa kabisa, huenda jambo lako linataka sauti au maandishi. Si kila kitu lazima kiwe video.

Hatua ya 2: Amua umbo la fremu kabla ya kurekodi

Video ya wima ya simu ni 9 kwa 16, kwa kawaida pikseli 1080 kwa 1920. Ukirekodi mlalo, yaani 16 kwa 9, ukitegemea kuja kuikata iwe wima, piga hesabu kwanza: kinachobaki ni chini ya theluthi moja ya picha. Na kilichokatwa, kwa mtazamaji, hakikuwahi kuwepo. Watu wawili wakijibizana, fremu ya wima ikambakiza mmoja, umeshatengeneza kisa cha mtu anayefoka peke yake.

Wima hufaa mtu mmoja, mikono inayofanya kazi, kitu kirefu. Mlalo hufaa vitu vilivyotandazwa. Kama huna budi kurekodi wima, basi vipange upya vitu vyenyewe: gurudumu juu, beseni la maji chini yake, badala ya kuviweka kando kwa kando na kulazimika kuizungusha kamera huku na huku.

Kumbuka pia kwamba TikTok, Instagram na YouTube huweka vitufe upande wa kulia wa video ya wima, na jina la akaunti pamoja na maelezo huja chini. Tundu la pancha likiangukia chini ya kitufe cha kupenda, hakuna atakayeliona. Tengeneza rasimu, ifungue ndani ya programu yenyewe, uone kipi kimefunikwa.

Hatua ya 3: Kamera isimame wapi?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu nafasi ya kamera ndiyo inayoamua nani ataonekana mwenye kosa, nani mkubwa, na watu ni wengi kiasi gani.

Kuanzia miaka ya 1980, mwanasaikolojia Daniel Lassiter wa Ohio University nchini Marekani alichunguza video za mahojiano ambamo mtuhumiwa anakiri kosa. Maneno yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni kamera tu. Ilipomwelekea mtuhumiwa peke yake, watazamaji walielekea zaidi kuamini kwamba amekiri kwa hiari yake. Ilipowaonyesha kwa usawa yeye na anayemhoji, mwelekeo huo ulipungua. Anayejaza fremu huonekana ndiye chanzo cha yanayotokea. Anayembana kutoka nje ya fremu hana uso, kwa hiyo hahesabiwi. New Zealand iliufuata utaratibu wa kuwaonyesha wote wawili katika mahojiano ya polisi.

Kwako wewe unayerekodi ugomvi, mahojiano au majadiliano, maana yake ni hii: anza na shoti pana inayowaonyesha wahusika wote na nafasi iliyo kati yao. Baada ya hapo sogea karibu utakavyo, mradi usogee kwa kila upande. Ukimpa mmoja sura kubwa na mwingine mgongo, usidai huna upande.

Kimo cha kamera nacho kina lugha yake. Ukimpiga mtu kutoka chini anaonekana mkubwa, mwenye mamlaka, pengine wa kutisha. Ukimpiga kutoka juu anakuwa mdogo na dhaifu. Ndiyo maana video za watu waliopatwa na maafa mara nyingi huwafanya waonekane wanyonge kuliko walivyo: wao wamekaa chini, mpiga picha amesimama. Piga goti. Lenzi ilingane na macho ya anayezungumza, hasa akiwa mtoto.

Halafu umbali. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na madaktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani ulikadiria kwamba picha ya uso iliyopigwa kutoka sentimita 30 huonyesha pua pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo, ilhali kutoka mita moja na nusu upotofu huo huwa hauonekani. Wa kulaumiwa ni ukaribu wenyewe: pua iko karibu na lenzi kuliko masikio, na karibu hivyo, tofauti ya sentimita chache ni kubwa. Simamisha simu kwenye stendi, rudi nyuma, kisha tumia lenzi ya kukuza mara mbili (2x) kama simu yako inayo. Utaonekana mtu yuleyule ambaye marafiki zako wanamjua.

Kanuni hiyohiyo hufanya vituko kwenye picha za umati. Simama mbali na foleni, vuta picha kwa lenzi ndefu ukiwa usawa wa watu, na walioachiana mita mbili wataonekana wamebanana. Piga foleni ileile kutoka ubavuni au kutoka ghorofani, na nafasi zilizo kati yao zinafunguka. Picha zote mbili ni za kweli. Kama unataarifu idadi au msongamano, weka shoti kutoka pembe mbili, au acha kudai idadi.

Kwa video za kufundisha kazi ya mikono kuna uamuzi mmoja unaozidi mingine yote: piga kutoka upande wa anayefanya kazi, juu ya bega lake, siyo kutoka mbele yake. Mwaka 2017 Logan Fiorella na wenzake walijaribu jambo hili kwa kuwafundisha watu kuunganisha vifaa vya saketi ya umeme, na waliotazama kwa macho ya mtendaji walifanya vizuri kuliko waliotazama kutoka mbele. Sababu iko wazi. Ukitazama kutoka mbele, kila "kulia" lazima kigeuzwe kichwani, na kichwa kina kazi nyingine za kufanya. Angalia vilevile kamera ya mbele ya simu yako: simu nyingi hukuonyesha picha iliyopinduliwa kama kwenye kioo, na nyingine huihifadhi hivyohivyo. Kama kwenye fremu kuna maandishi, rekodi sekunde mbili uone kama yanasomeka.

Hatua ya 4: Mwanga, rangi na kilicho nyuma

Mwanga wa kutoka mbele hulainisha. Wa kutoka ubavuni huchimbua. Ukitaka mikwaruzo ya msasa kwenye tyubu ionekane, au ule mng'ao wa solusheni, weka chanzo cha mwanga pembeni na chini kidogo, uteleze juu ya raba. Ukiwasha taa ya simu iliyo pale pale kwenye lenzi, kila kitu kinakuwa bapa na somo lako limepotea. Kwa uso wa mtu ni kinyume: mwanga wa ubavuni mkali hutia vivuli vinavyomfanya aonekane anaficha jambo, kwa hiyo mgeuze aelekee dirishani.

Rangi nayo hutoa hukumu. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wa balbu ya manjano uko karibu na 2700, wa mchana karibu na 5500, na simu hujaribu kusawazisha yenyewe. Vikichanganyika kwenye fremu moja, upande mmoja wa uso utakuwa wa chungwa na mwingine wa bluu, na mtu mwenye afya ataonekana mgonjwa. Zima kimoja. Kisha bonyeza na kushikilia uso wa anayezungumza kwenye skrini mpaka simu ifunge mwanga na fokasi, la sivyo picha itakuwa inapwaya kila anaposogea. Ukiona mistari inayotembea juu ya picha ndani ya chumba chenye taa, hiyo ni kasi ya kamera, yaani muda inaopokea mwanga kwa kila picha, kugombana na umeme wa hapo ulipo, ambao ni wa hezi 50 au 60. Kwa umeme wa hezi 50, kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huiondoa. Kwa wa 60, 1/60 au 1/120.

Filta za kurembesha ngozi ziache kwenye video yoyote ambayo ngozi, rangi au hali ya kitu ni sehemu ya ushahidi. Nimeona mafunzo ya kutunza ngozi yaliyorekodiwa kwa filta inayofuta vinyweleo. Mtu anafundishwa nini pale?

Kilicho nyuma yako, kikague kitu kimoja kimoja. Rafu ya vitabu inadai usomi, koti jeupe linadai udaktari, maikrofoni kubwa inadai uanahabari. Kama madai hayo ni ya kweli, vema. Kama si ya kweli, umedanganya bila kufungua mdomo. Vingine havidai chochote, vinaiba macho tu: televisheni inayowaka, paka, pazia linalopepea. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye ametumia miongo kadhaa kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, ameonyesha mara kwa mara kwamba mapambo ya kuvutia yasiyohusiana na somo hupunguza kile kinachoeleweka, hata yakimfurahisha mtazamaji.

Hatua ya 5: Liongoze jicho

Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Harvard, waliwapa watu video ya wachezaji wakipasiana mpira wa kikapu, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Takriban nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao hayakuwa na kasoro yoyote. Yalikuwa na kazi nyingine.

Kwa hiyo usiseme "kama mnavyoona" ukadhani wameona. Kila shoti ipe kitu kimoja cha kutazamwa, kisha kionyeshe: kidole, kalamu, mduara uliochorwa, kuvuta karibu, au kutia giza kidogo sehemu zilizobaki. Alama itokee wakati uleule neno linapotamkwa, na iondoke kazi yake ikiisha. Mshale unaobaki kwenye skrini baada ya kazi yake unaendelea kuuliza swali ambalo limeshajibiwa.

Vitu vitatu huvuta jicho kwa nguvu: kinachosogea, sura ya mtu na maandishi. Ukiwa na vyote vitatu mahali tofauti kwenye fremu moja, umempa mtazamaji mgogoro. Vile vistika vinavyorukaruka pembeni wakati unaonyesha mapovu yakitoka kwenye tyubu iliyozamishwa majini vimeshinda. Mapovu ni madogo. Hayana nguvu ya kushindana na nyota inayomweka.

Hatua ya 6: Maandishi juu ya picha

Watu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, na wengine hawasikii kabisa, kwa hiyo manukuu ya unachosema si mapambo. Lakini kuna mtego. Ukijaza skrini kwa sentensi nzima huku picha ikionyesha jambo jipya, macho yanasoma na mikono yako inafanya kazi bila shahidi. Njia ya kutokea ni kutenganisha kazi mbili. Manukuu ya maneno yakae sehemu moja isiyohama, na muda wote yasiwe zaidi ya mistari miwili. Maneno ya kufundishia, mawili au matatu tu, yakae kando ya kitu kinachohusika: neno "valvu" liguse valvu, lisiwe chini ya skrini na mshale mrefu.

Miongozo ya Kiingereza hupima kasi ya manukuu kwa maneno kwa dakika. Kwetu kipimo hicho hakitufai sana, kwa kuwa "hawatakifungua" ni neno moja. Pima kwa herufi. Kwenye video ya wima, herufi 20 hadi 25 kwa mstari zinatosha. Na kabla ya kuamua muda wa andiko kukaa, lisome mwenyewe kwa sauti mara mbili bila haraka. Likiondoka kabla hujamaliza, liongezee muda au lipunguze.

Kuhusu kusomeka, kiwango cha kimataifa cha upatikanaji wa maudhui ya wavuti, WCAG, kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya andiko la kawaida na kilicho nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa andiko kubwa. Usisumbuke na hesabu: andiko jeupe ndani ya kisanduku cheusi kilichofifia kidogo hufanya kazi juu ya picha yoyote. Andiko la manjano juu ya anga angavu halifanyi.

Na usiipe rangi kazi ya kusema kitu peke yake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja kati ya kumi na wawili hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. "Sahihi" kwa kijani na "kosa" kwa nyekundu ongezea alama ya vema na ya mkasi.

Ukionyesha grafu ya mihimili, ianze sifuri. Video haimpi mtu nafasi ya kuchunguza namba za pembeni. Anaona mhimili mmoja una urefu mara tatu ya mwenzake na video inaendelea.

Hatua ya 7: Mkato na kasi

Karibu miaka mia moja iliyopita, mwongozaji wa filamu wa Urusi Lev Kuleshov alichukua sura ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin isiyoonyesha hisia yoyote, akaiunganisha kwa zamu na bakuli la supu, na jeneza, na mwanamke aliyejilaza. Inavyosimuliwa, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, kisha huzuni, kisha tamaa. Sura ilikuwa ileile. Maana waliitia wao kwa kuunganisha shoti mbili zilizofuatana.

Mtazamaji wa leo hufanya vivyo hivyo bila kujijua: shoti B ikifuata shoti A, anaamini B imetokea mara tu baada ya A, mahali palepale, na pengine kwa sababu ya A. Rudi kwenye pancha. Shoti ya kwanza: kidole kinasambaza solusheni. Mkato. Shoti ya pili: kiraka kinabandikwa. Hata kama sauti imesema "subiri dakika tano", macho yameona kupaka na kubandika vikifuatana, na kesho yake mtu atabandika kiraka juu ya solusheni mbichi, kitabanduka, na atakuja kukuandikia kwamba njia yako haifanyi kazi.

Muda uliokatwa lazima uachiwe alama. Saa ya ukutani ikionyesha 4:10 kisha 4:15 inatosha. Au ile shoti yetu kuu, mng'ao kisha mfifio, na andiko "dakika 5 baadaye" likikaa katikati ya skrini kwa sekunde mbili nzima. Au kivuli kilichosogea. Mpito wa kufifisha picha taratibu husaidia, lakini peke yake hautoshi, kwa sababu programu za kuhariri zimeutapanya hadi umepoteza maana. Kwenye taarifa ya tukio, alama hiyo ni deni la lazima: ukikata mahojiano, mkato uonekane. Kuufunika kwa picha ya mikono ya mtu ili jibu la swali la tatu liungane na swali la kwanza ni kumlisha mtu maneno.

Kasi ina hatari ya aina yake. Mwaka 2016 Eugene Caruso, Zachary Burns na Benjamin Converse walichapisha utafiti walimotumia video ya mtu akipigwa risasi na za wachezaji wakigongana uwanjani. Waliotazama kwa mwendo wa polepole walielekea zaidi kuamini kwamba mtendaji alikusudia, kana kwamba ile nafasi ya kufikiri ambayo wao wameipata, yeye pia alikuwa nayo. Kuonyesha kasi zote mbili kulipunguza tatizo, lakini hakukulimaliza. Kwa hiyo tukio la ajali au rabsha lionyeshwe kwanza kwa kasi yake halisi, andiko liseme wazi kasi inapobadilishwa, na maneno kama "tazama alivyojipanga" uyameze.

Kwenye siasa jambo hili limeshaonekana. Mei 2019 ilisambaa video ya Nancy Pelosi, wakati huo Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, iliyopunguzwa kasi hadi takriban asilimia 75, huku sauti ikirekebishwa isisikike nzito. Alionekana kama mlevi anayeburuza maneno. Hapakuhitajika akili bandia wala studio. Kitelezi cha kasi kilitosha, na kila programu ya kuhariri kwenye simu yako inacho.

Hatua ya 8: Picha za kujazia

Unazungumzia jambo ambalo huna picha yake, basi unatafuta kipande chochote kinachofanana. Tahadhari hapa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2012 Eryn Newman na wenzake walionyesha kwamba dai likiambatana na picha inayohusiana nalo, hata picha isiyothibitisha chochote, watu huelekea zaidi kuliamini. Picha hurahisisha kulifikiria dai, na kinachofikirika kwa urahisi huonekana cha kweli.

Kwa hiyo kila kipande kisichotoka kwenye tukio lenyewe kipe lebo juu ya picha hiyohiyo: "picha ya maktaba", "mfano", "2015". Lebo iliyo kwenye maelezo chini ya video ni sawa na hakuna, maana video ikipakuliwa na kusambazwa upya maelezo hubaki nyuma. Ukitumia picha iliyotengenezwa kwa akili bandia na inayofanana na ya kweli, YouTube tangu Machi 2024 inataka utangaze hivyo wakati wa kupakia, na TikTok ina sharti la namna hiyo. Mimi ningeenda mbali zaidi: kwenye video ya taarifa, usiitumie kabisa pale inapoonyesha mtu au mahali halisi.

Picha zinazomwekamweka ni suala la usalama. Desemba 1997 nchini Japani, katuni ya televisheni yenye miale ya nyekundu na bluu iliyopishana kwa kasi ilipeleka zaidi ya watoto 600 hospitalini. WCAG inataka kisiwepo kitu kinachomweka zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja. Baadhi ya mipito iliyo tayari kwenye programu za kuhariri huvuka kiwango hicho, kwa hiyo ihesabu kabla ya kuitumia.

Kava, ile picha inayoonekana kabla video haijafunguliwa, nayo ni ahadi. Chagua fremu iliyomo ndani ya video, na ikiwezekana iwe ile shoti kuu ya hatua ya kwanza. Kinywa kilichoachama mbele ya mlipuko ambao haumo kitakuletea mbofyo, na pia mtazamaji ambaye dakika nzima anausubiri mlipuko badala ya kukusikiliza.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuiposti

Itazame mwenyewe ukiwa umezima sauti kabisa. Je, ile sentensi ya mtazamaji imepatikana? Kisha igeuze skrini chini usikilize tu. Ukiona sauti peke yake inaeleza kila kitu, picha zako zinasindikiza tu. Ukiona zinapingana, umepata kosa mapema. Punguza mwangaza wa simu hadi robo, toka nje kwenye jua, uone kama maandishi bado yanasomeka. Geuza skrini iwe ya rangi ya kijivu kwenye mipangilio ya simu, uone kama alama zako zinaeleweka bila rangi.

Halafu mtafute mtu mmoja asiyeijua mada. Mwonyeshe mara moja tu, na usimuulize kama ameipenda, kwa sababu atasema ameipenda. Mwambie: "Nieleze ulichoona." Msikilize hadi mwisho bila kumsahihisha.

Majibu yake yatakuonyesha pa kurekebisha. Akisema "unapaka halafu unabandika", kosa liko kwenye mkato, hata kama sauti ilisema vizuri. Usirekodi maneno upya, rekodi upya solusheni ikikauka. Akichanganya kulia na kushoto, sogeza kamera nyuma ya mtendaji. Akimtaja mtu mmoja pekee kwenye kisa cha watu wawili, rudisha shoti pana. Akianza na paka, mtoe paka.

Ukishaposti, soma maoni ukitafuta swali linalojirudia, kisha nenda kwenye sekunde ya video inayohusika na utazame kilichokuwa kwenye skrini wakati huo. Kosa dogo unaweza kulirekebisha kwa komenti uliyoibandika juu ya nyingine. Lakini watazamaji wengi hawafungui maoni kabisa, na video iliyokwisha kusambazwa kwingine haibebi komenti hiyo. Kwa hiyo kama ilivyoeleweka inaweza kumwumiza mtu au kumchafulia jina, iondoe, irekebishe, kisha uipakie upya na andiko kwenye sekunde za mwanzo linalosema nini kimebadilishwa.